Masikio yanayolia bila kukoma: chanzo chake, na kama yanapona

Mkuu, umeuliza mambo mawili: mlio unaokusumbua masikioni kwa miezi sasa unasababishwa na nini, na kama yale matone unayotangaziwa yataumaliza. La pili ni jepesi, tulimalize kwanza: hapana. Matone yanaishia kwenye ngoma ya sikio, na mlio kama unaoueleza, mwembamba, wa mfululizo, unaozidi usiku, hauko huko nje. Tena kama ngoma imetoboka bila wewe kujua, hayo matone yanapenya hadi ndani na kukuongezea tatizo juu ya tatizo. Hela yako ibaki mfukoni.

La kwanza ni refu. Ninao mlio huu kwa miaka mingi, na niliupata kazini. Nilikuwa fundi wa mitambo ya muziki, nakesha hatua chache kutoka kwenye spika. Kila shughuli ikiisha masikio yanaziba na kuvuma, kesho yake yanafunguka. Baadaye mlio ukaanza kuchelewa kuondoka, siku mbili, tatu, hadi ukahamia kabisa.

Kelele ni miongoni mwa sababu kubwa, pamoja na umri. Sikio la ndani, kwenye koklea (kile kirija kilichojikunja kama konokono), lina seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, na kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo. Ndege akizipoteza zinaota upya. Binadamu zikifa ndiyo imetoka hiyo. Kipimo wanachotumia wengi kwenye usalama kazini ni desibeli 85 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Piga hesabu: ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Ukumbi wa muziki unafika hapo bila shida yoyote.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. Seli zikishakufa zinakaa kimya, hazilii. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ubongo, ukikosa ishara za masafa fulani (yaani kiwango fulani cha wembamba au unene wa sauti), unaongeza usikivu wake kuzitafuta, kama mtu anayepandisha sauti ya redio kwenye stesheni isiyoshika vizuri na kuambulia mchakacho mtupu. Mchakacho huo ndio mlio wako. Ushahidi mmoja wenye nguvu ni kwamba kuna watu waliokatwa mshipa wa fahamu wa kusikia katika upasuaji, sikio likawa halipeleki chochote kwenye ubongo, na mlio ukaendelea.

Na hata mzima ana chembe ya kitu hiki. Mwaka 1953 watafiti wawili, Heller na Bergman, waliwaweka watu 80 wenye masikio mazima, mmoja mmoja, katika chumba kisicho na sauti kwa dakika chache. Zaidi ya 9 kati ya 10 walisema wamesikia mvumo, mlio au kitu cha aina hiyo.

Lakini usijipangie mwenyewe kwamba wako ni wa kelele, maana sababu ni nyingi na baadhi zinaondoka kirahisi. Nta iliyojaa na kugandamana ni mojawapo (vijiti vya pamba ndivyo vinavyoisukuma ndani, kwa hiyo viache). Maji au usaha nyuma ya ngoma ya sikio. Kifupa kidogo cha sikio la kati kilichokakamaa. Ugonjwa wa Ménière, ambao huja na kizunguzungu kikali na sikio kujaa. Taya na misuli ya shingo pia: wapo ambao mlio unabadilika wakiuma meno kwa nguvu au wakigeuza shingo, na kwa hao daktari wa meno au mtaalamu wa viungo anaweza kusaidia.

Kwenye dawa nataka ukae kidogo. Kwinini inajulikana miaka na miaka kwa kuvumisha masikio. Aspirini kwa dozi kubwa hufanya vivyo hivyo, na kwa kawaida mlio unaisha dozi ikishuka. Sindano za kuua bakteria za jamii ya streptomisini na gentamisini, pamoja na sisplatini inayotumika kwa saratani, ni kali zaidi, kwa sababu zinaweza kuua zile seli moja kwa moja. Furosemaidi, ile ya kukojoza, nayo imo kwenye orodha. Kama unatumia mojawapo usiikatize peke yako, huenda ndiyo inayokuweka hai. Mwambie aliyekuandikia.

Nilipokwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, alichungulia, akasema njia ni safi, akanipeleka kwa mtaalamu wa usikivu. Unaingizwa kwenye kijumba kisichopitisha sauti, unavalishwa hedifoni na kupewa kitufe, unabonyeza kila ukisikia mlio hata uwe hafifu vipi. Mstari wangu kwenye grafu ya majibu ulikwenda sawa, ukaporomoka karibu na hezi 4,000 (hezi hupima wembamba wa sauti), kisha ukapanda tena kidogo. Akaniambia bonde la namna hiyo ni sura ya kawaida ya masikio yaliyoumizwa na kelele. Hakuwa ameniuliza kazi yangu.

Halafu akanichezea sauti mbalimbali nichague inayofanana na ya kwangu. Tuliipata karibu na hezi 6,000. Tukatafuta na ukubwa wake. Mimi nilikuwa nimeshamwambia kwamba kitu hiki kinajaza chumba kizima, kwa hiyo nilisubiri namba ya kutisha. Ikawa desibeli chache tu juu ya sauti ndogo kabisa ninayoweza kuisikia kwenye masafa yale. Nilibisha. Akarudia, ikawa ileile, na akasema ndivyo inavyokuwa kwa wengi.

Kwangu kipimo kile kilikuwa na maana kuliko dawa yoyote niliyokuwa nimejaribu, kwa sababu kilinionyesha kwamba mateso hayaendi na ukubwa wa mlio. Yanaenda na namna ubongo ulivyouchukulia. Ukiuchukulia kama hatari, unaufuatilia usiku kucha, usingizi unapotea, uchovu unauongeza, na mzunguko umeanza. Uchambuzi wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba zaidi ya watu wazima milioni 740 duniani wana mlio huu, lakini wanaoona ni tatizo kubwa ni kama milioni 120. Waliobaki wanao na wanaendelea na shughuli zao.

Kwa hiyo unapona? Wenye chanzo kinachoondolewa, ndiyo, mara nyingi. Mlio wa baada ya kelele nao huweza kufifia wenyewe katika miezi ya mwanzo, na wewe bado uko humo. Uliokomaa kama wangu hauna kidonge. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 ulisema wazi wagonjwa wasipendekezewe ginkgo (dawa ya mmea), melatonini (ya usingizi), zinki wala virutubisho vingine kwa ajili ya mlio, na dawa za kutibu sonona au wasiwasi zisiandikwe kwa sababu ya mlio peke yake. Kuna kifaa kinachoitwa Lenire, kinachopiga sauti masikioni huku kikisisimua ulimi kwa umeme mdogo, kiliruhusiwa Marekani mwaka 2023. Lengo lake ni kupunguza usumbufu, na si rahisi kukipata.

Chenye ushahidi mzuri zaidi ni tiba ya mazungumzo inayobadilisha mawazo na mazoea. Najua inasikika kama unaambiwa mlio uko kichwani mwako tu. Mimi nilikwenda kwa shingo upande. Mlio haukupungua hata kidogo, ila nilianza kupitisha nusu siku bila kuukumbuka. Kama kipimo kikionyesha usikivu umepungua, vifaa vya kusaidia kusikia husaidia wengi, kwa sababu ubongo unapata sauti halisi za kushughulika nazo. Na usiku usilale kwenye ukimya mtupu. Feni inatosha, au rekodi ya mvua, iwe chini kidogo ya mlio wenyewe. Ukiufunika kabisa, ubongo haupati nafasi ya kuuzoea.

Kuna hali usizosubiri hata kidogo. Usikivu ukipotea ghafla kwenye sikio moja, siku hiyohiyo nenda hospitali, maana dawa za steroidi hufanya kazi zaidi zikianzwa mapema, ndani ya siku chache, na baada ya wiki mbili nafasi inapungua sana. Mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo unahitaji kuchunguzwa mishipa ya damu. Ulio upande mmoja tu utafutiwe picha ya kichwa, kwa sababu mara chache huwa ni uvimbe kwenye mshipa wa kusikia. Uso kulegea au kizunguzungu kisichoisha, vivyo hivyo. Na kama usiku umeanza kufikiria kujidhuru, mwambie mtu leo, usisubiri miadi ya masikio.

Hukusema kama wako ni sikio moja au yote mawili, wala kama unatumia dawa yoyote. Andika hayo mawili kwenye karatasi kabla hujaenda, pamoja na tarehe ulipoanza, na uombe kipimo cha usikivu. Ukimulikwa tochi na kuambiwa "sikio ni zima", bado hujapimwa.