Kichaa cha ukubwani: mmempima kaswende?

*Shikamoo mama. Kaka yangu ana miaka 48, hajawahi kuugua akili. Tangu mwaka jana anagawa hela ovyo na kudai mashamba yote ya kahawa Kibosho ni yake. Tumemzungusha kwenye maombi, sasa anameza dawa za kliniki ya akili, habadiliki. Dada mtu, Majengo, Moshi.*

Marahaba. Umetaja maombi, umetaja vidonge, damu hukuitaja. Mtu anayeanza kurukwa na akili katika umri huo apimwe kaswende, na VVU pia. Kaswende hukaa kimya miaka 10, 20 au zaidi, kisha ikaibukia kwenye ubongo, na kujiona tajiri kupita wote ni moja ya sura zake. Wodini nilimhudumia mzee aliyekuwa akitulipa mishahara kwa majani ya mgomba. Daktari alimmulika tochi machoni: mboni hazikusinyaa. Akamwambia atazame kidole karibu na pua: zikasinyaa. Si kila mgonjwa huwa hivyo, lakini ukiona hivyo usichelewe. Damu ikionyesha kaswende, daktari huenda akataka maji ya uti wa mgongo. Msimkatalie kwa maneno ya mtaani eti sindano ile inapoozesha. Inachomwa chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Na dawa za akili asiache mpaka daktari aseme.

*Naweza kuipata chooni? Sakina, Arusha.*

Hapana. Nimeshalijibu mno swali hili.

*Nilichomwa sindano moja ya kaswende makalioni. Ubongo uko salama? Ngarenaro.*

Kama ugonjwa ulikuwa wa mapema na huna dalili za kichwa, macho wala masikio, inatosha. Ukishaingia kwenye ubongo haitoshi, kwa sababu penisilini ile haifiki kule kwa kiwango cha kuua vimelea. Mgonjwa hulazwa, apewe penisilini ya mshipa, yuniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Ninyi mnaojinunulia vidonge dukani mnajiumiza.

*Mume wangu alitibiwa, kipimo cha haraka bado kinasoma ana kaswende. Hajapona?*

Hicho kwa wengi husoma maisha yote. Ombeni RPR, kipimo kingine cha damu cha kaswende, yenye namba: ikishuka kutoka 1:32 hadi 1:8, dawa imefanya kazi. Na wewe umepima? Hukuandika.

*Akitibiwa, akili zitarudi? Usa River.*

Dawa huua vimelea, haijengi upya kilichokwisha kuharibika. Aliyewahiwa hurudi vizuri. Yule mzee wa majani ya mgomba alikaa siku zote 14 na dripu, akaja kuwatambua wanawe na kuwaita kwa majina. Hesabu za duka lake hakuziweza tena.