Hakuna Anayelipwa Kufuma

Mwangaluka, ndugu zangu.

Habari zimenifikia. Ile picha niliyowatumia, mimi na blanketi la viraka mapajani, theluji imejaa dirishani, imetembea mpaka soko la Mlango Mmoja hapo Mwanza, na sasa mjini inasemwa kwamba serikali ya Kanada inanilipa nikae ndani nifume. Mdogo wangu wa Igoma kaniletea na ujumbe wa sauti: "Dada, nifanyie mpango na mimi nije, kufuma si najua?" Shangazi naye kapandisha mchango wangu wa harusi kutoka laki moja hadi laki tatu. Eti kwa kuwa napumzika.

Haya, sikilizeni. Hapa Winnipeg nafanya kazi kwenye bustani za watu: kupanda, kupalilia, kubeba mawe ya kutandaza njiani. Baridi ikiingia, ardhi inaganda zaidi ya mita moja kwenda chini. Koleo haliingii, kwa hiyo kazi inafungwa mpaka theluji iyeyuke. Hiyo mnayoiita pesa ya kukaa ni bima ya ajira, na nimekatwa kwenye mshahara wangu mwenyewe msimu mzima wa joto. Huipati kama hujatimiza saa za kazi zinazotakiwa. Ukiipata, unapewa asilimia 55 ya ulichokuwa unalipwa, na ina kikomo. Halafu kila wiki mbili unajaza maswali: ulikuwa tayari kufanya kazi? Ulipata kazi yoyote? Sasa kwenye hiyo 55 toa kodi ya nyumba, toa gharama ya kupasha nyumba joto (hiyo haina mjadala, ukizima mabomba yanapasuka), kinachobaki mnitafutie humo laki tatu ya shangazi.

Ila nami nisiwe mnafiki. Kufuma nafurahia, tena sana.

Desemba huku jua linazama saa kumi na nusu jioni. Nyinyi mnalo mpaka karibu saa moja, mwaka mzima, na hamshukuru. Kuna siku baridi inafika nyuzi 30 chini ya sifuri, gari linalala limechomekwa kwenye umeme kama simu, la sivyo asubuhi haliwaki. Ziwa la hapa linaganda hadi magari yanapita juu yake. Watu wanatoboa shimo kwenye barafu, wanakaa kwenye kibanda wanavua. Mvuvi wa Kirumba nikimsimulia ananiona nimeanza kulewa. Katika hali hiyo unatoka kwenda wapi, na kwa nani? Jirani utamwona Aprili.

Basi naketi na uzi. Uzi mpya wa sufu ni ghali, siununui. Naenda duka la nguo zilizotumika, nachagua sweta la sufu, nalifumua. Lakini kwanza nageuza ndani niangalie mshono wa ubavuni. Kama limekatwa na kupigwa ovaloki, naliacha, maana uzi wake utakatika kila mstari. Likiwa limefumwa kipande kwa kipande na kuunganishwa, nafungua mshono, navuta kuanzia juu, nazungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Unatoka umejikunjakunja. Nauloweka kwenye maji ya vuguvugu, nautundika na kopo la maji chini yake uvutike, ukikauka umenyooka. Mama alinifundisha vitambaa vya makochi tu, haya mengine nimefundishwa na baridi.

Blanketi la kwenye picha ni vipande vya vitenge kutoka kwa fundi wa Makoroboi, juu viraka, katikati pamba, chini shuka. Kila kipande nilikifua kabla ya kukikata, kwa sababu kitenge kinachuja rangi na kurudi. Wenye uwezo wanashona kwa cherehani, mimi kwa mkono, sina haraka ya kwenda popote. Na jioni ninayoshona usingizi unakuja. Nisiposhona, nawaza nyumbani mpaka asubuhi.

Kwa hiyo wewe wa Igoma, usije. Una kibanda chako cha dagaa, una watu wa kugombana nao, unaota jua bure. Na kama utakuja, uje na karatasi zako halali, si kwa mpango wa mtu anayetaka umtumie hela kwanza. Hakuna viza ya sindano za kufumia. Njoo Mei, usije Novemba. Tena ukija nitafurahi mno, nyumba hii ina kimya kisichofaa mtu aliyezaliwa Usukumani. Lakini usije.

Shangazi, laki moja ninayo, na nitaituma mwisho wa mwezi. Laki tatu sina, na ukiniomba tena nitakutumia soksi. Mkitaka kujadili, pigeni jioni ya kwenu. Saa sita mchana hapo Mwanza, huku ni saa tisa usiku.

Na vipande vya kitenge, mwambieni fundi asitupe. Vya bluu vimeniishia.