Karaoke Ukishavuka Arobaini: Kimbilia Sauti za Chini

Tukishika maiki kwenye karaoke, wanawake wa umri wetu wengi tunaomba nyimbo tulizozipenda tukiwa wasichana. Sina ugomvi na hilo, ladha haizeeki. Sauti ndiyo inayobadilika. Homoni zinapopungua hedhi inapoelekea kukoma, nyuzi za sauti huongezeka unene kidogo na sauti nzima hushuka. Noti ya juu uliyokuwa ukiifikia huku unacheka, leo inakwaruza au haitoki kabisa. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja: tafuta nyimbo za wanawake wenye sauti nzito, halafu uziimbe bila haya.

Nao wapo tele. Tina Turner alitoa "What's Love Got to Do with It" mwaka 1984 akiwa na miaka 44, na wimbo ukashika namba moja Marekani. Beti zake ziko chini na hazina haraka. Unaziimba kama unamjibu mtu aliyekwisha kukuchosha. Cher alikuwa na miaka 52 "Believe" ilipotoka mwaka 1998. Ile sauti inayokatikakatika kama ya roboti ni kazi ya kompyuta, usihangaike nayo. (Shoga yangu mmoja huiigiza kwa kujigongagonga kooni, na ukumbi wote humshangilia kuliko sisi tunaojitahidi kuimba vizuri.) Wa kuanzia kabisa, kwa yule anayetetemeka magoti, ni "Dreams" ya Fleetwood Mac ya mwaka 1977. Muziki wake unazunguka kwenye kodi mbili (yaani mafungu mawili ya noti zinazopigwa pamoja) karibu mwanzo hadi mwisho, haupandi sana, na hakuna anayekutarajia upige kelele.

"I Will Survive" ya Gloria Gaynor, ya mwaka 1978, nauweka peke yake kwa sababu kila mtu anauomba na wengi unawachachia. Awali ulikuwa upande wa pili wa santuri. Madijei ndio walioigeuza. Shida yake si urefu wa noti, ni pumzi. Mwanzo hauna ngoma, unaimba polepole ukifuata piano, na hapo ndipo watu hukimbia mbele ya muziki. Tulia. Ngoma zikishaingia, maneno yanakuja yamebanana, kwa hiyo amua mapema utapumua wapi. Mimi huvuta pumzi mwisho wa kila mstari hata kama sijaishiwa, maana ukisubiri uishiwe ndipo upumue, mstari unaofuata utakupita. Usipoteze nguvu zote kwenye ubeti wa kwanza pia. Wimbo huu hauna mahali pengi pa kupumzika.

Sasa ule wa Whitney Houston, "I Will Always Love You" wa mwaka 1992. Najua unautaka. Lakini unaanza bila ala hata moja, yaani noti ya kwanza unaitafuta mwenyewe gizani, kisha karibu na mwisho muziki unanyamaza kidogo na kurudi ukiwa umepanda juu zaidi. Dolly Parton ndiye aliyeutunga, na wake wa mwaka 1974 ni mpole, hata kuna ubeti anaousema tu kama anaongea. Angalia kama orodha ya nyimbo ina ule wa Dolly, uombe huo. Machozi ya wasikilizaji utayapata vilevile.

Kama sauti yako ina mikwaruzo, Bonnie Tyler ni wako. Mkwaruzo wake ulitokea baada ya upasuaji wa koo miaka ya 1970, na mwaka 1983 "Total Eclipse of the Heart" ikaupeleka dunia nzima. Omba toleo fupi, kwa sababu lile refu linakaribia dakika saba. Ile sauti ya kiume inayojirudia nyuma yake mpe rafiki. Ukizifanya sehemu zote mbili utaingia kwenye kiitikio bila pumzi.

Mashine nyingi zina kitufe cha kushusha au kupandisha noti zote za wimbo (si ukubwa wa sauti), na kila ukikibonyeza zinasogea nusu toni, yaani hatua moja ndogo. Mwombe mwendeshaji akushushie mbili au tatu kabla muziki haujaanza, si katikati. Hakuna atakayejua. Ila pima na ubeti: wimbo ulio chini tayari, kama huo wa Tina, ukiushusha tena beti zinazama kifuani na hakuna anayekusikia. Kitufe hicho kinafaa zaidi nyimbo kama "Livin' on a Prayer" ya Bon Jovi, ambayo kiitikio chake kiko juu tangu mwanzo na mwishoni kinapandishwa tena. Hata ukishusha, pale mwishoni waelekezee wasikilizaji maiki waimbe wao. Wanapenda.

Jambo dogo la mwisho ni gitaa. "Hotel California" ni nzuri na wengi wanaijua, lakini inazidi dakika sita, na mwisho wake ni gitaa tupu kwa dakika mbili hivi, nawe umesimama pale huna la kufanya na mikono yako. Mwambie mwendeshaji aikate maneno yakiisha.