Dada, usitume hela kabla hujaona maandishi madogo ya ukurasa wa kwanza

Usitume hiyo hela. Kama umeshaingiza namba ya mpokeaji kwenye simu, ifute, kisha urudi usome.

Umesema umempata muuzaji kwenye kundi la mtandaoni, yuko Marekani, anauza komiki, yaani kitabu cha hadithi za picha, Giant-Size X-Men namba 1 ya mwaka 1975 kwa dola 600. Unataka kumnunulia binti yako wa miaka 12 kwa sababu humo ndimo Storm, shujaa wa kike anayeamuru mvua na radi, alimotokea kwa mara ya kwanza. Umeuliza kama bei ni nzuri na binti aanzie wapi kusoma. Muuzaji kakutumia picha tatu: jalada la mbele, la nyuma, na ukurasa mmoja wa ndani wenye matangazo ya zamani. Anataka nusu leo, maana kuna mteja mwingine anaingoja.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2020. Picha tatu zile zile, mteja mwingine yule yule, na haraka ile ile. Nilituma dola 480. Kwa hela yetu ilikuwa zaidi ya milioni moja na laki moja, na sikuzipata tena.

Ngoja nikueleze yote, maana ukielewa nilivyoingia utaona na wewe umesimama mlango ule ule.

Nilimjua Ororo, ndilo jina halisi la Storm, nikiwa darasa la sita, Tanga. Mjomba wangu alikuwa baharia, na kila akirudi alikuwa na boksi la magazeti ya mabaharia wenzake. Siku moja ndani yake mlikuwa na komiki isiyo na jalada. Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha, lakini neno Kenya nililisoma bila kusaidiwa. Watu wamekusanyika wanaomba mvua, na anayeombwa ni mwanamke mweusi, nywele nyeupe kama pamba zimemwagika mgongoni, mawingu yanamsikiliza. Halafu anatokea mzungu mwenye kipara, Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, ile timu ya mashujaa, anamwambia yeye si mungu, ana kipaji, na dunia inamhitaji. Nilikaa na ule ukurasa mpaka nikaitwa kula mara tatu. Mashujaa wote niliowajua walitoka miji ya mbali yenye maghorofa. Huyu alikuwa anatoka hapo juu tu, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro.

Ukubwani ndipo nilipojua kuwa ile ilikuwa Classic X-Men namba 1 ya mwaka 1986, iliyorudia hadithi ya 1975. Mchwa waliimaliza nikiwa bwenini. Basi nikajiwekea nadhiri: siku nikipata hela ya kueleweka, nitanunua ile ya kwanza kabisa, ya mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, ile ambayo kwenye jalada lake timu mpya inachana picha ya timu ya zamani na kutokea kwa mbele.

Sikukurupuka, na hapo ndipo panaponiuma. Nilifanya utafiti wa wiki tatu. Kuna jamaa mmoja mwenye chaneli ya video za wakusanyaji, anaongea kwa kujiamini, nyuma yake kabati limejaa komiki mpaka juu. Alisema kutambua orijino ni rahisi: tazama matangazo ya ndani, kama ni ya zamani basi komiki ni ya zamani, kwa sababu nani atachapa tangazo la bidhaa ambayo haiuzwi tena? Nikaona ana akili. Nikamwomba muuzaji picha ya matangazo. Akanitumia ndani ya dakika tano. Matangazo yalikuwa ya miaka ya sabini kweli. Nikatuma hela, tena kwa njia ile ya kutumiana ndugu na marafiki, ambayo haina kinga yoyote ya mnunuzi, kwa sababu muuzaji alisema hiyo haina makato.

Komiki ilifikia kwa binamu yangu Houston, naye akaja nayo Desemba. Tulifungua sebuleni, familia nzima imenizunguka. Ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki na kipande cha kadibodi mgongoni, imetulia. Nikaitoa. Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Karatasi ya komiki ya 1975 ni ya gazeti, kwa hiyo baada ya miaka yote hiyo inatakiwa iwe imegeuka rangi, hasa pembeni, na inuke kama boksi la vitabu vya babu. Hii ilinukia daftari jipya la shule. Kurasa zilikuwa nyeupe na laini, vidole vinateleza. Bado nilikataa kuamini. Nikajiambia ilitunzwa vizuri.

Mwanangu wa kiume ndiye aliyeuliza, "Baba, hapa chini wameandika nini?"

Chini kabisa ya ukurasa wa kwanza kuna mstari wa herufi ndogo, ndogo kuliko za kwenye pakiti ya dawa. Nikawasha tochi ya simu, nikapiga picha, nikaikuza. Jina la komiki, namba 1, halafu maneno mawili: Facsimile Edition, yaani toleo lililochapwa upya kwa kuiga la zamani. Na mwaka uliofuata ulianza na 20, haukuanza na 19.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Toleo la namna hiyo si la wizi. Marvel wenyewe, kampuni inayochapisha X-Men, huchapa upya matoleo yao maarufu ya zamani, jalada lile lile, michoro ile ile, na mara nyingi wanarudisha hata matangazo yale yale ya zamani, makusudi, ili msomaji wa leo aonje komiki ilivyokuwa siku ilipotoka. Ni kitu kizuri, na bei yake dukani haifiki dola 10. Wizi unaanza pale mtu anapoitia kwenye mfuko, anabandika stika ya bei mahali panapomfaa, na kumwambia mgeni kuwa ni ya 1975. Kwa hiyo ule ushahidi wa matangazo, ambao yule bwana wa video aliufundisha kwa kinywa kipana, hauthibitishi chochote. Nilimwandikia. Nilimwandikia mara nne, kwa adabu, nikamwomba airekebishe ile video kwa sababu watu watapoteza hela. Hajajibu mpaka leo na video ipo. Mtu ukikubali kuitwa mwalimu, ukigundua umefundisha uongo unarudi darasani kufuta ubao. Muuzaji yeye alinifungia siku ile ile nilipouliza, na simzungumzii sana, mwizi ni mwizi. Huyu aliyenifungulia mlango ndiye anayenikereketa zaidi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sibadiliki: hakuna picha ya maandishi madogo, hakuna hela. Mwambie huyo muuzaji aitoe komiki kwenye mfuko, afungue ukurasa wa kwanza, apige picha ya mstari wa chini karibu kabisa mpaka herufi zisomeke, na pembeni aweke kikaratasi chenye jina lako na tarehe ya leo, kimeandikwa kwa mkono. Uone mwaka 1975, usione neno lolote la kuonyesha ni marudio. Picha ya jalada haina maana. Picha ya matangazo haina maana. Kila kitu kinachopendeza kwenye komiki kinaweza kuchapwa upya, ila kwenye ule mstari ndiko mchapishaji huandika toleo na mwaka, na huko ndiko ukweli uliko. Akikwambia mfuko ukifunguliwa komiki itaharibika, ondoka. Mfuko wa kawaida hufunguliwa na kufungwa kila siku.

Kama imefungwa kwenye lile boksi gumu la plastiki la CGC, wale wanaokagua komiki na kuzipa alama kuanzia 0.5 mpaka 10.0, hapo huwezi kufungua. Chukua namba iliyo kwenye lebo, iingize kwenye tovuti yao, na hakikisha maelezo yanafanana na ulichonacho kwenye picha, alama kwa alama, kovu kwa kovu.

Na kuhusu bei, jibu limo humo humo. Nakala ya 1975 iliyo safi kama hiyo ya kwenye picha zako inauzwa kwa maelfu ya dola. Mtu mwenye orijino safi anajua anacho nini. Hawezi kuiuza kwa 600 kwenye kundi la watu asiowajua halafu akupe haraka ya leo leo.

Msidhani sheria hii ni ya kukwepa marudio tu. Kuna mahali inakugeuzia faida. Chukua komiki ya Captain Marvel namba 17 ya 2013, uchapaji wa pili ndio wenye Kamala Khan kwenye jalada, yule binti shujaa mwenye asili ya Pakistan wa Jersey City, na wakusanyaji wanautafuta kuliko uchapaji wa kwanza. Nani atakuonyesha uchapaji ni wa ngapi? Maandishi madogo. Nilimpata mzee mmoja akiiuza kwa bei ya kawaida kwa kuwa hakuwahi kuyasoma. Nilimwambia ukweli, tukaelewana bei, tukaachana kwa salamu.

Binti yako, kama anataka kusoma na si kuweka kwenye fremu, mnunulie kitabu cha mkusanyo chenye hizo hadithi za mwanzo. Hadithi haipungui neno kwa kuchapwa upya. Mwache afike X-Men namba 102 ya mwaka 1976, aone kwa nini Ororo anaogopa sehemu zilizofungwa: nyumba yao Cairo iliangukiwa na ndege, akabaki mtoto chini ya kifusi pembeni ya mama yake aliyekufa, mama ambaye alikuwa binti wa kifalme kutoka Kenya. Halafu namba 201 ya mwaka 1986. Hapo Ororo ameshapoteza nguvu zake zote, hana upepo wala radi, na anapambana na Cyclops, shujaa mwenzake, kugombea uongozi wa timu. Anamshinda. Mimi nina binti pia, nilimsomea hiyo nikimtafsiria ukurasa kwa ukurasa, na alipofika pale aliniomba nirudie mara mbili.

Na wale mnaojiandaa kuuliza mwanaume mzima anafanya nini na katuni za wanawake: ninyi mnajua mpaka goti gani linamuuma beki wa akiba wa timu ya Uingereza. Niachieni Ororo wangu.

Dada, mwandikie sasa hivi. Usimgombeze, usimwambie umeambiwa na mtu, omba tu picha ya mstari wa chini wa ukurasa wa kwanza na kikaratasi chenye jina lako. Akikutumia, iweke hapa hapa kabla ya kufanya lolote, nipo macho mpaka saa sita usiku.