Maswali ya wasomaji: Mvua ikianza usiku natetemeka

SWALI: Nakaa Kigogo, bonde la Msimbazi. Tangu maji yaingie ndani masika ya mwaka jana, mvua ikianza usiku moyo unanidunda, mikono inatetemeka, hata funguo siioni. Mwanangu wa miaka saba amerudia kukojoa kitandani. Nifanyeje nisichanganyikiwe? – Mama wa Kigogo

JIBU: Pole sana, mama. Hatutakwambia usiogope, bondeni hapo hatari ipo kweli. Ila akili iliyoshtuka haipangi mambo, inafuata yaliyokwisha kupangwa. Kwa hiyo kazi kubwa ni ya mchana, jua likiwaka.

Kwanza wekeni alama inayoonekana kutoka dirishani, mfano ngazi ya pili ya baraza. Maji yakiigusa, mnatoka, hakuna mjadala. Wengi hunaswa wakihangaika kuinua godoro na televisheni mpaka njia inafungwa. Kila mtu apewe kazi moja tu: wewe mtoto, mwingine kuzima swichi kuu ya umeme, mwingine vyeti. Swichi izimwe kabla maji hayajaingia; ukishasimama kwenye maji, usiiguse. Vyeti, kadi ya NIDA, kadi ya kliniki, dawa za wiki moja na tochi viwekwe kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana. Ndoo inalishinda begi kwa sababu haipitishi maji, na ikikuponyoka inaelea.

Mikono ikianza kutetemeka, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita, kama mara kumi. Kule kutoa taratibu ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Wengi huvuta kwa nguvu na haraka haraka, wakaambulia kizunguzungu. Kisha itamke kazi yako kwa sauti: "Nambeba mtoto."

Njiani, msivuke maji yanayokwenda kasi. Sentimita 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima, na chini ya tope hamuoni chemba iliyoachwa wazi.

Mtoto asichapwe wala kutaniwa. Asilazimishwe kusimulia yaliyotokea. Akianza mwenyewe, msikilize hadi amalize. Mpe naye kazi, ashike tochi. Lakini kwa kuwa muda umepita, mpeleke zahanati akapimwe mkojo, maana huenda ni maambukizi wala si hofu. Na wewe, kama hulali hata usiku usio na mvua, mweleze mhudumu siku hiyo hiyo.

SWALI: Kundi letu la WhatsApp linatutia kiwewe kwa taarifa za mafuriko kila saa. Nijitoe? – Msomaji, Tandale

JIBU: Si lazima. Zima mlio wake, chagua nyakati mbili za kusoma kwa siku, na utabiri uupate kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Ujumbe usio na tarehe, eneo wala chanzo, ufute, usiusambaze. Siku mvua kubwa imetabiriwa, acha simu ya mjumbe au jirani wa juu ya bonde iweze kukuamsha.