Barua kwa mwanangu: kwa nini mimi bado ni Reli

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Moro. Sisi wote hatujambo. Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, Reli ilishakufa, mbona mpaka leo hutaki kuwa Simba wala Yanga? Unashabikia nini?" Ukaongeza kwamba utaniletea jezi ya Yanga. Sikutaka kukujibu juu juu huku wanao wanagombania simu, ndiyo maana nakuandikia.

Reli ya Morogoro ilikuwa timu ya Shirika la Reli. Nyinyi wachezaji wenu mnawaona kwenye televisheni. Sisi wa kwetu tulipishana nao njiani asubuhi wakienda kazini. Babu yako alikuwa fundi karakana, na baadhi ya vijana wa timu walikuwa waajiriwa wa shirika kama yeye. Kulikuwa na beki mmoja, jirani yetu. Akirudi jioni mikono imejaa grisi, anaipaka mafuta ya taa kwanza, ndipo anaisugua kwa sabuni ya unga pale bombani, na sisi watoto tumemzunguka tunamuuliza kama Jumamosi atacheza. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Kamuulizeni kocha." Jumamosi ikifika, huyo hapo Uwanja wa Jamhuri, anamkaba mshambuliaji ambaye nchi nzima inamjua, na yule bwana hapati hata nafasi ya kugeuka. Jumatatu yuko na babu yako wanafungua injini.

Ndiyo timu iliyoitwa Kiboko ya Vigogo, na jina hilo halikuwa la kujipachika. Simba na Yanga wakija Moro walijua kuna kazi. Mechi ikiwa ya Dar, babu yako alitoa redio kibarazani, majirani wakajaa mpaka kwenye michongoma, na Ahmed Jongo akitangaza Radio Tanzania hakuna aliyethubutu kukohoa. Mama zetu nao walikuwepo, wanachambua mchele huku masikio yapo Dar.

Halafu kumbuka haikuwa Reli peke yake. Mwaka 1975 Mseto ya hapahapa ilichukua ubingwa wa Tanzania, timu ya kwanza ya nje ya Dar es Salaam kufanya hivyo. Mshambuliaji Zamoyoni Mogella alitokea timu ya Tumbaku ya Moro kabla ya kwenda Simba. Mji huu ulizalisha wachezaji, mwanangu. Kijana akianza kung'ara, usajili ukifunguliwa tu anaondoka, na sisi tunabaki kumsikia redioni akiwa na wengine. Sikuwahi kuwalaumu vijana, kila mtu anatafuta riziki yake. Lakini nikihamia leo kwenye klabu zilizokuwa zinatuchukulia watoto wetu, nitakuwa nimekubali kwamba hapa palikuwa mahali pa kupita tu. Sikubali.

Unasema Reli ilikufa. Ni kweli, limebaki jina. Ila haikufa kwa kukosa mpira. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalianza kubinafsishwa na kupunguza watu, na shirika linalohesabu nani abaki na nani aende nyumbani halina tena fungu la viatu vya mpira na nauli za Mwanza. Timu nyingi za namna hiyo hazipo tena kwenye ligi: RTC Kagera, CDA ya Dodoma, Ushirika ya Moshi. Kinachoniuma ni kwamba haikuwa lazima. Angalia Mtibwa, hapo Manungu, mkoa wetu huuhuu. Kiwanda cha sukari nacho kilibinafsishwa, lakini timu ikaendelea kulelewa, ikawa bingwa 1999 na 2000. Mtibwa naiombea heri kila msimu. Lakini kusema mimi ni Mtibwa siwezi, kwa sababu mimi tayari ni Reli, na mtu habadilishi timu kwa sababu imefulia.

Ukiniuliza tena nashabikia nini, nawashabikia wale watu. Wengi wametangulia mbele za haki, wachache bado tunakutana sokoni, na wakiniona wananiita mtoto wa fundi. Nashabikia na mji uliokaa ukasema Dar waje, tutawafunga, kisha ukawafunga kweli. Hayo niliyaona kwa macho yangu nikiwa binti mdogo, na hakuna msimamo wa ligi unaoweza kuyafuta.

Hiyo jezi ya Yanga usininunulie. Hela hiyo wanunulie wanao viatu vya mpira, uwalete likizo ya Desemba. Kila jioni vijana wa mtaani wanafanya mazoezi kwenye kiwanja cha shule, nami huwa nakwenda kuwaangalia. Yule wako wa kati ana mguu wa kushoto mzuri sana. Mlete acheze na watoto wa Moro.

Mimi mama yako.