Gari inagonga chini? Jua kwanza inagonga lini, spea baadaye

Kama gari yako ina mlio chini na hujui unatoka wapi, naomba usome hii kabla hujanunua kitu chochote, maana mimi umenitesa karibu miezi miwili na hela imeniondoka kwenye spea ambazo zile za zamani hazikuwa na shida kabisa.

Ilianza natoka Newala. Nilimpeleka mama msibani, na kipindi hicho lami ya kutokea Mtwara ilikuwa inaishia Mnivata, kwahiyo kuanzia Newala kupitia Tandahimba ni vumbi na rasta tu, gari ikaanza ko-ko-ko mbele kushoto. Kufika kwenye lami ikanyamaza nikajua basi ni kijiwe kilinasa kimetoka. Kesho yake naingia mtaani kwetu Ligula, ko-ko-ko ileile.

Fundi wa kwanza akasikiliza kidogo akasema shokapu, tukafunga mbili mpya, mlio upo. Wa pili akasema stabilaiza linki (vile vyuma vyembamba vinavyounganisha fito ya stabilaiza na mguu wa tairi), nazo tukabadilisha, mlio upo vilevile. Linki ikiisha kweli inagonga hivyohivyo kwenye vishimo vidogo ukiwa mwendo wa taratibu, hilo sibishi, ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza inagonga WAKATI GANI, wala hakuna aliyepanda gari tukazunguka nayo.

Basi Jumapili moja nikaamua kuitafuta mwenyewe. Nikatoa kila kitu kwenye buti, jeki, spana, tairi la spea, kwasababu jeki isiyofungwa vizuri inagonga utaapa ni mguu wa gari. Halafu nikashusha vioo nikapita taratibu sana kando ya ukuta mrefu, ukuta unakurudishia sauti unasikia vizuri kuliko barabara iliyo wazi, na mdogo wangu anatembea upande wa pili anasikiliza. Tukakubaliana ni kwenye tairi la mbele kushoto, sio katikati.

Aliyemaliza kazi ni mzee mmoja anayeendesha Noah ya Masasi. Nilimpa shikamoo nikamweleza, akaniambia "mwanangu, ukiwa kwenye mashimo gusa breki, usikanyage, gusa tu." Nikaenda kwenye mashimo nikagusa, kimyaaa. Nikaachia, ko-ko-ko. Yaani nilisimamisha gari pale pale nikampigia simu kumshukuru.

Ukigusa breki pedi zinabana diski kwahiyo haziwezi kucheza tena, mlio ukikata hapo ujue shida iko kwenye breki na sio kwenye shokapu. Tulipofungua tairi tukakuta pini za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) zimelika na kile kibati kinachoshika pedi hakipo kabisa, aliyebadilisha pedi mara ya mwisho hakukirudisha. Tukaweka pini, vibati, na grisi ya breki (ile grisi ya kawaida usiweke, inavimbisha raba za pini), lisaa limoja kazi imeisha.

Kwahiyo sikiliza inalia wakati gani. Ukikata kona usukani umeuzungusha mpaka mwisho na unasikia tak-tak-tak, hiyo ni sivii jointi (ile jointi ya ekseli inayozungusha tairi). Kama inavuma na kuvuma kunapanda na spidi, halafu ukiyumbisha gari kidogo sauti inabadilika, ni beringi ya tairi. Ukiwa umesimama injini inaunguruma na kuna bati linatetemeka chini, angalia lile bati la kukinga joto la ekzozi, sisi tunaokaa karibu na bahari kuanzia Shangani mpaka Mikindani chumvi inakula boliti zake, ila usiguse ekzozi ikiwa ya moto.

Ukitaka kuchungulia chini usiingie gari ikiwa juu ya jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Weka stendi, weka vigingi kwenye tairi zilizo chini, piga handibreki, na sehemu iwe ngumu, sio mchanga wetu huu ambao jeki inazama.

Na kama mlio umekuja pamoja na usukani kulegea au gari kuvuta upande, hapo acha kutafuta, paki na umwite fundi akufuate ulipo. Hiyo inaweza kuwa boljointi (ile jointi inayoshikilia tairi kwenye mguu wa gari), na ikichomoka tairi linalala ukiwa barabarani.